Majani ya Mraba wa Nne

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilipewa kazi ya kuhesabu kitu ambacho hakikuwepo. Mwalimu aliyenisimamia, mzee mpole aliyevaa koti la kijivu hata jua likiwaka, aliniambia niende kwenye lava mpya, kaskazini ya mji, nikatazame ni kiumbe gani kinarudi kwanza. Lava hiyo ilishuka kutoka mlimani, ikameza nyumba na mashamba, ikasimama kabla ya kufika katikati ya Goma, kisha ikapoa. Kilichobaki ni uwanja mweusi wa mawe yenye meno, yale ambayo watu wa Rutshuru na Masisi huyaita makoro.

"Na kama hakuna kinachorudi?" nilimuuliza.

"Utaandika zero," alisema. "Zero nayo ni jibu, mademwazeli. Ila iandike kwa heshima."

Nyumbani kwetu, mtaa wa Katoyi, habari hiyo iliwachanganya watu. Baba yangu, dereva wa lori, mtu wa asili ya Maniema, alikuwa amewaambia wenzake wa msikitini kwamba binti yake anasomea udaktari. Biolojia aliielewa kama njia ndefu ya kufika hospitalini. Nilipomweleza kwamba nitakuwa natazama mawe, aliuliza hayo mawe yanaumwa nini.

Kazi ya mtu wa ekolojia, kwa jinsi nilivyofundishwa, ni rahisi kuieleza na inachosha kuifanya. Huwezi kuhesabu kila jani la uwanja mzima, kwa hiyo unachagua vipande vidogo, unavihesabu vizuri, halafu unavisemea vingine vyote. Na vipande hivyo huruhusiwi kuvichagua kwa macho, maana macho yana upendeleo, yatakimbilia penye kijani. Unapiga kura. Niliandika namba kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, nikavichomoa kimoja kimoja. Kila kikaratasi kiliniambia nitembee hatua ngapi kwenda mashariki na ngapi kwenda kaskazini. Niliposimama, hapo ndipo palipokuwa mraba, metre moja kwa metre moja. Nilipata miraba kumi na miwili. Mwalimu alinipa sheria tatu: usimwage kitu ndani, using'oe kitu, usikanyage.

Vigingi vilikataa kuingia kwenye mawe. Ikabidi pembe za kila mraba nizipake rangi. Nilikwenda sokoni Birere, na muuzaji wa kwanza niliyemfikia alikuwa na rangi nyekundu na rangi ya waridi. Nikachukua nyekundu. Mtu aliyezaliwa Congo alipaswa kukumbuka kwamba nyekundu ndiyo rangi ambayo watu wa serikali huandikia kwenye kuta za nyumba zitakazobomolewa. Mimi nimezaliwa Congo na sikukumbuka. Siku hiyo nilipaka alama arobaini na nane nyekundu juu ya ardhi ambayo volkeno ilikuwa imekwisha kuibomoa.

Alhamisi iliyofuata nilikuta mama mmoja amekaa juu ya bidoni, dumu la plastiki la maji, mwavuli mkononi, katikati ya uwanja. Alikuwa na umri wa mama yangu au zaidi kidogo, kitenge chake kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda ofisini.

"Ni nani alikutuma?" aliniuliza kabla sijamsalimia.

"Hakuna, mama. Niko mwanafunzi."

"Banafunzi banapakaka rangi mu parseli ya batu?"

Nilimweleza miraba, kura, majani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mwavuli kuelekea mraba wa nne.

"Pale ni saloni yangu," alisema, maana yake sebule. "Uko unasimama mu saloni yangu."

Nilirudi nyuma hatua mbili. Akaniambia sasa nimeingia jikoni.

Ndivyo nilivyojua kwamba nyumba yake ilikuwa chini yetu, na vitu vyote alivyoshindwa kuvibeba usiku ule wa kukimbia. Tangu hapo aliishi kwa dada yake Keshero, upande wa ziwa, akiuza maharage. Jamaa waliokaa karibu na lava walimpelekea habari kwamba kuna mtu anapima kiwanja chake kwa rangi nyekundu, akaacha maharage akaja. Hakuwa na hasira tena alipoona daftari langu na viatu vyangu, ambavyo lava ilikuwa imevikata kama wembe. Alisimama, akanionyesha nyumba yake. Mlango ulikuwa hapa. Kitanda hapa. Mti wa avoka pale, na choo nyuma yake. Alitembea juu ya mawe akigeuka kwenye kona ambazo hazikuwepo, bila kukosea. Nilichora yote kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na hatua kutoka kila kona mpaka kwenye mraba ulio karibu. Sikujua nachora kwa ajili gani. Mwalimu alisema mahali pachorwe, basi nikapachora.

Tangu siku ile alikuwa anakuja Alhamisi nyingi. Alisema anakuja kulinda parseli, maana ardhi isiyo na ukuta wala mti kila mtu huiona ni ya kwake. Mimi nilikuwa napiga magoti kando ya mraba mmoja baada ya mwingine, natazama kwa kioo cha kukuzia, naandika. Yeye anakaa juu ya bidoni.

"Umeona nini?"

"Zero, mama."

"Na ule?"

"Zero."

Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mgonjwa. Miezi ya kwanza nilimletea mwalimu kurasa za zero zilizoandikwa kwa heshima. Kisha kwenye miraba mitatu vikaanza kuonekana vitu vya kijivu kama upele juu ya jiwe. Hivyo ni lishene, na ndivyo hutangulia. Haviombi udongo, vinakula hewa na mvua. Niliporudi nyumbani na habari hiyo baba aliuliza kama upele huo unaambukiza.

Halafu mraba wa nne ukaniharibia utaratibu wote.

Wiki moja ulikuwa zero kama wenzake wengi. Wiki chache baadaye, ndani ya ufa wake kulikuwa na ujani laini, kisha kangaga mbili ndogo zimejikunja kama masikio ya panya, kisha kangaga tano. Miraba mingine ilikuwa imekauka kwa jua la kiangazi. Na siku moja nikakuta mche ambao nilimwita mwalimu aje mwenyewe auone. Alikuja na koti lake, akapiga magoti, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Hii ni lengalenga," alisema.

Ilikuwa lengalenga kweli, mboga ile ile tunayopika nyumbani kwa kitunguu na nyanya. Hakuna shamba karibu. Upepo hauwezi kuichagua metre moja tu ya mraba kati ya uwanja mzima. Tulikaa juu ya mawe tukafikiri, mwalimu na mimi, kama watu wawili wenye elimu. Mimi nilikumbuka kwamba nilimwona kunguru ametua hapo mwezi uliopita. Tukakubaliana ni kunguru. Alikula mbegu mahali, akaja kujisaidia kwenye ufa, na mavi yake yakawa mbolea ya kangaga. Mwalimu alisema ni jambo zuri sana, kwamba hii ndiyo namna uhai unavyosafiri. Niliandika sura nzima kuhusu kunguru. Ilikuwa na mchoro.

Wiki moja Alhamisi iliangukia siku ya ville morte, mgomo wa mji mzima. Maduka yalifungwa, pikipiki hazikutembea, nikabaki nyumbani. Nikaenda Jumapili badala yake, mchana mapema, watu wakiwa wanatoka kanisani. Kutoka mbali niliona mwavuli. Mama alikuwa amevaa nguo za misa, ameinama juu ya mraba wa nne, anamwaga maji ya bidoni polepole kufuata ufa. Alipomaliza alifungua sashe, mfuko wa plastiki, akatoa udongo na mavi ya mbuzi yaliyopondwa, akaubandika kwenye ufa kwa kidole, kama mtu anayesiliba ukuta.

Nilisimama nyuma yake mpaka akageuka. Hakushtuka sana.

"Leo haiko Alhamisi," alisema.

"Mama, unafanya nini?"

"Niko nakusaidia." Alikung'uta mikono. "Kila wiki unapiga magoti, unaandika zero. Viatu vimeisha. Nikasema, huyu mutoto watamufukuza ku iniversite. Nikaleta udongo ya kwa dada yangu, ya nyuma ya jikoni. Iko muzuri sana ile udongo."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Kila Jumapili."

Nilikaa chini. Nilitaka kukasirika na sikupata pa kuanzia. Mama huyu alikuwa amebeba bidoni ya litre tano kutoka Keshero, kila Jumapili, kwa ajili ya mtoto wa watu aliyekuwa anamkanyagia saloni. Nilimwuliza kwa nini alichagua mraba ule na si mwingine. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la wazi mno.

"Nipeleke maji mu nyumba ya mutu mwingine?"

Usiku ule sikula vizuri. Njia moja ilikuwa kunyamaza. Kunguru hakuwa na mtu wa kumtetea wala wa kumkana, na sura yake ilikuwa imekwisha kuchapwa. Njia nyingine ilikuwa kuufuta mraba wa nne, kusema umepotea, na kubaki na kumi na mmoja. Mama yangu mzazi aliniona nazungusha bugali kwenye sahani, akaniambia kama ni mwanaume nimwache. Nikamwambia ni kangaga.

Asubuhi nilimweleza mwalimu kila kitu. Alichukua sura ya kunguru, akautazama mchoro wake, akaiweka kwenye droo.

"Anamwaga maji kiasi gani?" aliuliza hatimaye.

"Bidoni moja ya litre tano, Prof. Kila Jumapili."

"Na udongo?"

"Sashe."

"Kubwa au ndogo?"

Hapo nikaelewa kwamba hatafuti mwenye makosa. Alisema mtu pia ni kiumbe kwenye mazingira, na kama kiumbe anafanya jambo moja kila wiki kwa kipimo kile kile, hilo ni jaribio, hata kama hakuna aliyelipanga. Kazi yangu sasa ni kulipanga. Mama aendelee na mraba wa nne. Amwagilie pia mraba wa tisa, bila udongo. Mraba wa saba, uliokuwa unafanana nao kwa jua na kwa mteremko, usiguswe kabisa, ili tuwe na wa kulinganisha.

Mama alikubali la kwanza na la pili. La tatu lilimshinda.

"Ule wa saba utabakia na njaa?"

"Ndiyo, mama. Ndio tujue maji imefanya nini ku ile ingine."

"Mutu ana batoto batatu, anakulisha babili, anaangalia wa tatu atakuwa je?"

"Haiko mutoto, mama. Ni jiwe."

"Ndiyo maana nauliza," alisema. "Jiwe haiwezi kuomba."

Alitii, lakini kila alipopita karibu na mraba wa saba aligeuza uso upande mwingine.

Ilipoanza mvua, alikuja bwana mmoja mwenye miwani ya jua na bahasha. Alisema parseli ni yake, aliinunua kabla ya lava, na karatasi anazo. Mama alisema hajawahi kumwona. Wakapelekana kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, na shefu, mtu mchovu aliyekuwa na kesi za namna hiyo kila juma, akaja kwenye uwanja kuona kwa macho. Hakukuwa na cha kuona. Barabara ilikuwa chini ya lava. Borne za parseli, yale mawe ya mpaka, zilikuwa chini ya lava. Mti wa avoka ambao majirani wote wangeuapia ulikuwa umeungua. Bwana wa miwani alionyesha mpaka wake kwa kidole, na kidole chake kilipita juu ya jiko la mama.

"Nani alikuwa anakuja hapa tangu lava?" shefu aliuliza.

"Kuko mutoto wa iniversite," mama alisema. "Anaandikaka byote."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mraba wa pili. Ni kweli nilikuwa nimeandika vyote. Kila Alhamisi nilitakiwa kutaja wanyama waliokuwa karibu na mraba, kwa sababu wanyama hubadilisha mahali. Shefu aliniambia nisome. Nikafungua daftari nikasoma: Alhamisi, mraba wa nne, kangaga mbili, mama mwenye parseli yupo, amekaa upande wa kusini. Alhamisi, mraba wa nne, kangaga tano, mama yupo. Alhamisi, mraba wa tano, zero, mbuzi wawili wanapita, mama anawafukuza. Nilisoma kurasa kadhaa. Shefu alisogea akachungulia.

"Mbona umemuandika mama huyu ku kolona ya wanyama?"

Nilimweleza kwamba kwenye daftari hakukuwa na safu nyingine.

Bwana wa miwani aliuliza, kwa adabu, kama yeye hayumo. Nilitafuta kwa uaminifu tangu mwanzo. Kulikuwa na mama, mbuzi, mjusi mmoja na kunguru. Yeye hakuwemo.

Kilichomaliza kesi ni ule ukurasa wa kwanza, mchoro wa nyumba na hatua zake, ulioandikwa miezi mingi kabla ya bahasha kutokea. Shefu alimwomba mama aeleze tena kona za nyumba yake, huku mimi nimefunga daftari. Mama alitembea juu ya mawe kama siku ile ya kwanza: mlango, kitanda, avoka, choo. Shefu alihesabu hatua kwa sauti, kisha akafungua daftari akalinganisha. Hatua zililingana, isipokuwa choo, ambacho kilikosea kwa hatua moja. Mama alisema choo hajakikumbuka vizuri kwa sababu hakukipenda.

Shefu aliamua parseli ni ya mama. Na kwa kuwa hapakuwa na alama nyingine yoyote iliyopimwa kwenye uwanja ule, alitamka mbele ya wote kwamba mipaka itahesabiwa kutoka kwenye rangi nyekundu, na kwamba atakayeifuta atajibu kwake. Bwana wa miwani alisema atapanda juu zaidi, kwa wakubwa wa shefu. Kama alipanda sijui, mpaka sasa hajarudi. Mama alikwenda akakaa juu ya bidoni yake, akajifunika uso kwa kitenge, na mimi nikaendelea na mraba wa tatu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Machozi yangu mawili yalidondoka ndani. Niliyaandika kama maji, chini ya nusu kijiko.

Siku ya kutetea kazi yangu, mama alikuja na kitenge kipya, akakaa benchi ya mbele karibu na baba yangu. Nilieleza lishene, kiangazi, na mraba wa saba ambao ulibaki karibu mtupu mpaka mwisho. Nilieleza mraba wa tisa, uliopewa maji peke yake ukatoa ujani kidogo, na wa nne, uliopewa maji na udongo. Mmoja wa wale walionihoji, mtu mwembamba asiyecheka, aliuliza nina hakika gani kwamba umwagiliaji ulifanyika kila wiki bila kukosa.

"Nilikosa mbili," sauti ilisema kutoka benchi. "Moja nilikuwa na malaria. Moja kulikuwa matanga."

Mwenyekiti aliinua kichwa akauliza ni nani anayeongea.

"Hiyo ndiyo methodologie, Prof," nilijibu.

Hawakucheka papo hapo. Walinong'onezana, yule mwembamba akaandika kitu, na mwalimu wangu akatazama dirisha kwa muda mrefu. Walinipa alama nzuri, si nzuri sana. Sababu waliyoitoa ni kwamba wiki mbili hazikujazwa. Nje, baba alimwuliza mama kama kwa maoni yake mimi sasa ni daktari. Mama alisema kwa upande wa mawe, ndiyo.

Siku hizi nafanya kazi upande wa ziwa, na watu wanaopima maji na kuhesabu samaki wadogo waitwao sambaza, na lava siendi mara nyingi. Mama amejenga nyumba ya mbao kwenye pembe moja ya parseli, akaacha nafasi kubwa wazi. Nilimwambia kazi imekwisha, anaweza kulima anavyotaka. Lakini Jumapili hunipigia simu baada ya misa, tunasalimiana, ananitajia hesabu mraba kwa mraba, na mimi naandika. Jumapili iliyopita aliniambia kuna konokono. Nikamwuliza ni mkubwa kiasi gani na yuko kwenye mraba upi. Akasema ningoje, konokono aliingia kwenye ufa alipoona kivuli cha mwavuli, na yeye amekaa pale anamsubiri atoke.